Alama ya Kuuliza Kwenye Kipimo cha 22

Karatasi ya tathmini niliyokabidhiwa baada ya usaili ilikuwa na maneno machache kuliko nilivyotarajia. Jaji wa kwanza alisifu usafi wa vidole vyangu, wa pili akaandika kwamba mwendo wangu haukuyumba tangu mwanzo hadi mwisho, na wa tatu hakuandika sentensi yoyote bali tarakimu mbili na alama moja: "22?" Chini kabisa palikuwa na uamuzi, nao ulikuwa kwamba sikuchaguliwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi kumi na moja ili nipate nafasi ya kusomea piano katika ngazi ya juu, na katika miezi yote hiyo haikunijia hata siku moja kwamba ningeweza kuulizwa swali kuhusu kipande ambacho hata wanafunzi waliojifunza piano kwa miaka michache tu hukipiga. Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayejiandaa sasa kama nilivyojiandaa mimi, kwa bidii nyingi iliyoelekezwa mahali pasipostahili.

Usaili ulitaka vipande viwili vinavyotofautiana kwa tabia. Cha kwanza nilichagua etyudi ya nne katika mkusanyiko wa mtunzi Chopin wa Opus 10 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), uliochapishwa mwaka 1833 na kutolewa kwa heshima ya mpiga piano Liszt. Etyudi, kwa wasioifahamu, ni kipande kilichotungwa kufunza ugumu fulani wa mikono, na ugumu wa hii ni kasi: mwendo wake ni Presto, yaani wa kasi sana, na alama ya metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo, ni nusu noti 88 kwa dakika, yaani karibu noti 12 katika kila sekunde, kwa takriban dakika mbili, mkono wa kulia na wa kushoto ikipokezana kazi bila huruma. Cha pili nilichagua Träumerei ya Robert Schumann, kipande cha saba kati ya 13 vinavyounda Kinderszenen ya mwaka 1838. Kina vipimo 24 tu, na ninaposema kipimo namaanisha kile kichumba cha noti kilichofungwa kwa mistari miwili ya wima. Nilikichagua kwa sababu ambayo leo naona aibu kuitaja: kilikuwa rahisi, na kingenipa muda wa kupumzisha mikono.

Nilikuwa na daftari la mazoezi ambalo bado ninalo. Kila ukurasa una tarehe, saa nilizokaa kwenye piano, na namba ya metronomu niliyofikia kwenye etyudi: 60, 60, 62, siku mbaya 58, kisha 66, na kuendelea hadi 84. Nimelipitia ukurasa kwa ukurasa nikitafuta neno moja linalohusu sauti, hata neno dogo kama "laini" au "kavu", na sikuliona. Träumerei imetajwa mara nne katika daftari zima, na mara tatu kati ya hizo imeandikwa tu "nimepitia". Palikuwa pia na mwenzangu mmoja aliyekuwa amekwisha fika 88, na ukweli ni kwamba kilichoniamsha alfajiri hakikuwa Chopin bali namba ya mwenzangu huyo. Wivu ni mwalimu mwenye nidhamu kali, lakini somo lake ni moja tu.

Mwezi wa saba mkono wangu wa kulia ulianza kuuma kwenye misuli ya chini ya kiwiko. Mwanzoni yalikuwa maumivu ya jioni, yanayoisha asubuhi, nikajidanganya kwamba ni dalili ya misuli kukomaa. Kwa wiki tatu niliendelea hivyo, nikipunguza namba kidogo na kuipandisha tena, mpaka siku moja nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa. Daktari aliniamuru kuacha kabisa kupiga kwa wiki sita. Kama kuna jambo moja katika maelezo haya ambalo ningependa msomaji alichukue hata akisahau mengine yote, ni hili: maumivu yakianza, acha siku hiyohiyo, si baada ya kumaliza ukurasa. Mkono unaouma hujifunza kujikaza, na kujikaza huko hubaki hata baada ya maumivu kupona. Katika wiki zile za mapumziko nilisoma habari za Schumann mwenyewe, nikakuta kwamba alipokuwa kijana wa miaka ya ishirini kidole cha mkono wake wa kulia kilipoteza uwezo, na ndoto yake ya kuwa mpiga piano mashuhuri ikaishia hapo. Mtu aliyetunga kile nilichokiita kipande cha kupumzikia alikuwa amepoteza kidole chake akiwa katika mbio zilezile nilizokuwa nikikimbia. Nililiona hilo kuwa jambo la kushangaza, nikafunga kitabu, na nilipopona nikarudi kwenye metronomu.

Kuhusu siku ya usaili sina mengi ya kusimulia. Etyudi ilitoka safi kwa kasi ya 84. Träumerei niliipiga huku moyo ukiwa bado unadunda kwa etyudi, nikiwa na furaha ya mtu aliyekwisha vuka mto. Baadaye kila msailiwa alipewa rekodi yake, na kwa miezi kadhaa niliisikiliza yangu mara nyingi sana, lakini dakika mbili za mwanzo tu.

Sasa nieleze kipimo cha 22, kwa maana nimeishi nacho muda mrefu. Wazo zima la Träumerei ni mpando mmoja unaorudiwa. Kwa wale tunaosoma sol-fa, katika ufunguo wa F, inaanza na so, inakwenda kwenye do ndefu, halafu ti, do, mi, so, na kufika do ya juu, kisha inashuka taratibu. Mpando huo unarudi mara kwa mara, kila mara ukiwa na badiliko dogo. Kwenye kipimo cha 6 unavuka do na kufika mi ya juu, yaani noti A. Mara ya mwisho kabisa, kwenye kipimo cha 22, unafika tena kwenye A ileile, lakini chini yake pamebadilika: kuna akodi pana, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, iliyosimama juu ya G, yenye B isiyo bemoli (isiyoshushwa nusu hatua), noti ambayo si ya ufunguo huo, na juu yake Schumann ameweka fermata, kile kinusu duara chenye nukta kinachomwambia mpigaji asubiri. Ni kama mtu anayerudi kwenye mlango aliokwisha uona na kukuta ndani pana mwanga mwingine. Mimi katika usaili niliielemea A kwa kidole cha tano, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu kuliko zote, nikahesabu nne kimoyomoyo, nikaendelea.

Niliposoma ile "22?" nilijipa tafsiri ya haraka: jaji alitaka hisia zaidi. Hapo likaanza kosa langu la pili, ambalo lilinigharimu miezi mitano zaidi na ambalo naona linawapata wengi wanaotoka kwenye ibada ya kasi. Niliamua kuwa mpiga piano mwenye hisia. Nilianza kufumba macho, kuyumbisha mabega, kuchelewesha kila noti ya juu na kuharakisha kila inayofuata, na kukanyaga pedali, kile kikanyagio kinachoacha noti ziendelee kulia, hadi sauti zikachanganyika kama rangi zilizomwagikiana. Kwenye kipimo cha 22 nilikuwa nikikaa muda mrefu kiasi kwamba msikilizaji angeweza kudhani nimesahau. Nilijisikia vizuri mno. Siku moja nilimpigia mwalimu mpya niliyekuwa nimempata, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, na nilipomaliza macho yangu yalikuwa na machozi ya kweli. Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, umelia wewe. Sisi tuliokaa huku hatujasikia kitu."

Mtunzi Carl Philipp Emanuel Bach aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1753 kwamba mwanamuziki hawezi kuwagusa watu asipokuwa ameguswa mwenyewe, nami nilikuwa nimeyachukua maneno hayo kama hati ya ruhusa. Nilimtajia mwalimu. Alikubali kwamba ni kweli, kisha akaongeza kwamba kuguswa ni sharti la kuanzia kazi na hakuwezi kuchukua nafasi ya kazi yenyewe, akanitaka niondoe mikono kwenye piano na niimbe ule mpando wa kwanza. Nikaimba vibaya, kwa sauti ya aibu. "Umepumua wapi?" akauliza. Sikuwa nimepumua popote. Nilikuwa nimeimba kama nilivyokuwa nikipiga, noti moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na nia yake.

Somo lililofuata lilikuwa la ufundi mtupu, na ndilo lililonigeuza. Alifungua kifuniko cha piano akanionyesha nyundo. Unapobonyeza kitufe, mtambo hurusha nyundo na kuiachilia kabla haijagusa nyuzi, hivyo sehemu ya mwisho ya safari yake inaruka yenyewe. Baada ya hapo hakuna unaloweza kulifanya kwa noti hiyo ila kuikata au kuiacha ife. Ukibonyeza kwa nguvu, nyundo inakwenda kasi na sauti ni kubwa. Ukibonyeza polepole kupita kiasi, nyundo haifiki kwenye nyuzi na hakuna sauti kabisa. Na sauti ya piano, tofauti na ya fidla au ya koo la mwimbaji, huanza kufifia palepale inapozaliwa. Kuyumbisha mabega baada ya noti kulia ni sawa na kumpungia mkono abiria ambaye basi lake limekwisha ondoka.

Akaniambia nipige so na ile do ndefu, nisifanye lolote, nisikilize do inavyopungua. "Sasa ti inayofuata iingie kwa kiasi kilekile ambacho do imefikia, si kwa kiasi ilichoanza nacho." Nilijaribu, ikatoka kubwa. Nikajaribu tena, ikatoka ndogo mno, kisha haikutoka kabisa. Tulikaa kwenye noti mbili hizo kwa dakika zipatazo arobaini, na ilipotokea mara ya kwanza nilisisimka, kwa sababu noti mbili zilikuwa zimegeuka kuwa mstari mmoja, kana kwamba do yenyewe ilikuwa imeinama na kuwa ti. Sikuwa na huzuni wala furaha wakati huo. Nilikuwa na masikio tu. Lakini mwalimu, aliyekuwa amesimama dirishani, aligeuka.

Tangu siku hiyo nimeshindwa kuuamini ule mgawanyo unaorudiwa kila mahali, kwamba kuna wapigaji wa vidole na kuna wapigaji wa moyo. Kile tunachokiita kina cha hisia, kwa sehemu kubwa, ni ustadi mwembamba kuliko wa kasi na mgumu kuliko huo: kujua kabla ya kubonyeza sauti ipi inatakiwa, na kuwa na mkono unaotii. Etyudi ya Chopin ilinidai noti 12 kwa sekunde. Träumerei ilinidai noti moja, nayo niliikosa kwa miaka.

Zoezi lililonifaa kuliko yote linaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye piano, hata mbovu kiasi. Chukua akodi ya noti nne, uipige mara nne kwa sauti ndogo, na kila mara kidole tofauti kisikike zaidi ya vingine. Cha tano na cha kwanza vitatii mapema. Cha nne kitakutoa jasho. Usikisukume kidole hicho peke yake, bali elekeza uzito wa mkono mzima upande wake, kama mtu anayeegemea mguu mmoja akiwa amesimama. Siku kumi za mwanzo hutasikia tofauti yoyote, na hapo ndipo wengi huacha. Jingine ni kujirekodi, lakini kwa utaratibu: usisikilize papo hapo, kwa sababu vidole bado vinakumbuka vilichokusudia na vitayaambia masikio uongo. Subiri hadi kesho yake. Na imba, hata kama sauti yako ni kama yangu. Pale unapohitaji pumzi ndipo mkono unapotakiwa kuinuka.

Baada ya miezi minne hivi niliirudia etyudi, kwa woga kidogo. Nilikuwa nimeikariri kama mfululizo wa vizuizi, na sikuwahi kutambua kwamba mkono wa kushoto hupokea wazo lilelile la mkono wa kulia na kulijibu kwa ukali zaidi, wala kwamba chini ya vurugu yote akodi zinapanda hatua kwa hatua kama maji yanayojaa. Nilipoanza kusikiliza mambo hayo sikuweza kuipiga kwa 84 tena, nikashuka hadi 76. Mwenzangu yule wa 88, ambaye kwa wakati huo wivu wetu ulikuwa umegeuka urafiki, aliisikia akauliza nimepandisha kasi hadi ngapi. Nilimwonyesha metronomu, akadhani imeharibika. Msikilizaji hapimi kasi kwa saa; huipima kwa tofauti kati ya noti inayobeba mzigo na zile zinazoizunguka, na mtu anayepiga noti zote kwa uzito sawa husikika kama mashine iliyo mbali, hata aende mbio namna gani.

Sitaki hata hivyo mtu aliyechoshwa na skeli, yale mazoezi ya kupanda na kushuka noti kwa mfuatano, apate humu kisingizio cha kuziacha. Nimekutana na wapigaji wanaosema kwamba wao ni watu wa hisia na kwamba ufundi ni wa mashindano, na wengi wao wanajificha nyuma ya pedali, kama nilivyojificha mimi. Mtazame mtunzi Schubert katika Impromptu (kipande kifupi cha piano) ya tatu ya Opus 90, aliyoitunga mwaka 1827: juu kuna wimbo mrefu usio na haraka, na ndani ya mkono uleule, chini ya wimbo, kuna noti ndogo zinazotiririka bila kukoma kwa dakika kadhaa. Ukikosa wepesi wa vidole, noti zile ndogo zitaufunika wimbo, na hisia zako zote zitabaki kifuani mwako. Au fikiria mpiga piano Vladimir Horowitz, ambaye ngurumo za piano yake zilikuwa maarufu duniani, aliporudi Moscow mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 82 na kupiga hiihii Träumerei kama nyongeza ya mwisho wa onyesho lake. Picha za ukumbi ule zinaonyesha watu wakifuta machozi, na mikono ya mzee imelala karibu bapa juu ya vitufe, haionekani kufanya lolote. Nimeitazama mara nyingi nikitafuta mahali anapoweka hisia, na ninachoona ni mtu aliyetumia ujuzi wa miaka zaidi ya sabini kupima uzito wa noti ndogo.

Gharama za njia hii nimezitaja kwa sehemu: wiki sita bila kupiga, miezi kumi na moja ya namba, mitano ya maigizo, na nafasi ya masomo ambayo sikuipata tena mahali pale. Jambo nisilolitegemea ni kwamba nilipoteza pia raha fulani. Zamani ningeweza kufurahia etyudi niliyoipiga vibaya lakini kwa kasi. Siku hizi nasikia kila noti iliyokaa vibaya, na ziko jioni ambazo nafunga piano baada ya robo saa kwa kuchukizwa na masikio yangu mwenyewe.

Miaka miwili baada ya usaili, kwenye onyesho la wanafunzi, nilimwona yule jaji wa tatu amekaa peke yake wakati wa mapumziko. Nikamsogelea, nikamwamkia, "Shikamoo, mwalimu." Akaitikia, "Marahaba," kwa uso wa mtu ambaye hanikumbuki. Nikamweleza kuhusu karatasi na zile tarakimu mbili, na jinsi zilivyonibadilisha, nikamshukuru kwa maneno mengi kidogo kuliko ilivyofaa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kilikuwa kipande gani. Nikamtajia. Akaimba kidogo kwa pua, kidole kikihesabu vipimo hewani, akasimama kwenye fermata.

"Basi nadhani G yako haikulia," alisema. "Mimi huandika namba ya kipimo pale ninaposhindwa kujua kama ni masikio yangu yamenipita au ni noti iliyokosekana."

Usiku huo niliitafuta rekodi ya usaili. Kwa mara ya kwanza sikuizima baada ya etyudi, nikaiacha iendelee hadi Träumerei. Kwenye kipimo cha 22 A inalia kwa nguvu nyingi kuliko inavyostahili, chini yake B na F zinasikika, na chini ya hizo hapana kitu, ila mgongano mdogo mkavu wa kitufe kinachogusa ubao. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimebonyeza polepole mno, na nyundo haikufika. Niliirudisha rekodi nyuma mara tatu. Kisha nikakaa kwenye piano, nikaanza kuipiga ile G peke yake, taratibu, nikitafuta mahali ambapo nyundo huanza kufika.